Usisubiri Matokeo: Mwongozo wa Kujipangia Chuo kwa Mwanafunzi wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Kila Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatangazwa, saiba (maduka ya intaneti) za Nyeri, Karatina, Kerugoya na Nanyuki hujaa vijana. KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, likifungua maombi, mtu aliyesoma miaka minne huchagua kozi ya miaka mingine minne kwa nusu saa, mara nyingi akiongozwa na mhudumu wa saiba asiyemjua hata kwa jina. Mmoja hufuata kozi ya rafiki yake. Mwingine hufuata jina ambalo likitajwa kanisani Jumapili, watu watampigia makofi.

Mwongozo huu unataka uamuzi huo uufanye mapema, ukiwa bado darasani na jambo bado linarekebishika. Msingi wake ni huu: kozi huchaguliwa kwa mambo matatu yakiwa pamoja. Alama unazoweza kuzipata, kazi uliyoiona kwa macho yako, na karo ambayo nyumbani wanaweza kuilipa hadi mwaka wa mwisho. Lolote kati ya hayo likikosekana, safari hukatika njiani, hata kama barua ya kuitwa chuoni ilishangiliwa na kijiji kizima.

Fahamu mfumo uliomo

Mwaka huu wa 2026 shule zetu zina mifumo miwili katika ua mmoja. Kidato cha Tatu na cha Nne wanamalizia mfumo wa 8-4-4. Kidato cha Kwanza na cha Pili hakuna tena. Badala yao wako wanafunzi wa Gredi ya 10, walioingia sekondari pevu Januari 2026 baada ya tathmini ya kwanza ya Gredi ya 9.

Ukiwa Kidato cha Tatu, wewe ni wa KCSE ya mwisho, itakayofanywa 2027. Zamani mwanafunzi aliyeteleza aliweza kujiambia kwamba atarudia mwaka ujao. Usiliweke jambo hilo katika mipango yako. Panga kana kwamba mtihani ni mmoja tu.

Ukiwa Gredi ya 10, tayari uko katika mmoja wa mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, yaani STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Una masomo manne ya lazima na matatu ya kuchagua ndani ya mkondo wako. Jambo la kuangalia kwa makini ni Hisabati. Iko ile nzito, ambayo walio STEM huisoma wote, na iko nyepesi, inayotolewa kwa mikondo mingine. Mwanafunzi wa sayansi za jamii anayefikiria uchumi, uhasibu au takwimu asikimbilie ile nyepesi kabla ya kuuliza. Mwone mwalimu wa ushauri muhula huu huu, maana kubadili somo mwanzoni mwa Gredi ya 10 ni rahisi kuliko kubadili ukiwa Gredi ya 11.

Elewa hesabu ya pointi

Wanafunzi wengi wa Kidato cha Nne hujua gredi wanayoitaka, lakini hawajui jinsi gredi hiyo inavyogeuka kuwa nafasi ya chuo. Hesabu yenyewe si ngumu.

Kila gredi ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7, na kuendelea hadi E yenye pointi 1. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vyema, na masomo mengine matano uliyoyafanya vizuri zaidi. Hayo ni masomo saba, na jumla ya juu kabisa ni pointi 84. Ukipata C+ na kuendelea, unaruhusiwa kuomba shahada.

Kuruhusiwa kuomba bado si kupata nafasi. Kila kozi ina klasta yake, yaani masomo manne yanayotazamwa zaidi. Pointi za klasta hupimwa kati ya 48, na zinaunganisha mambo mawili: masomo yako manne ya klasta na jumla yako ya masomo saba. Kanuni inayofahamika ni hii. Chukua jumla ya masomo manne uigawe kwa 48. Chukua jumla ya masomo saba uigawe kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tazama wanafunzi wawili wenye B ya jumla, kila mmoja na pointi 63, wote wakiomba kozi inayotazama Hisabati, Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Wa kwanza ana Hisabati B+, Fizikia B, Kemia B na Baiolojia B. Masomo manne yanampa 37. Kwa kanuni hiyo anapata takriban pointi 36.5.

Wa pili ana Hisabati C+, Fizikia C+, Kemia B- na Baiolojia B. Masomo manne yanampa 31. Alipanda hadi 63 kwa sababu ya Kiingereza B+, Kiswahili A- na Historia A-. Katika kozi hiyo anapata takriban 33.4.

Gredi ya jumla ni ileile, lakini kati yao kuna pengo la pointi tatu, na katika kozi zinazogombewa pengo hilo linatosha kumwacha mmoja nje. Tena huyu wa pili si dhaifu. Akiangalia kozi ambazo lugha na Historia zina uzito, kama sheria, atawapita wengi. Amebisha mlango usio wake tu.

Kwa hiyo usiulize tu, "Nitapata gredi gani?" Uliza, "Masomo yangu manne yenye nguvu ni yapi, na yanafungua kozi zipi?" Fanya hesabu hiyo kwa matokeo ya mitihani miwili ya karibuni, si kwa ule mmoja uliofanya vizuri kupita yote. Baada ya KCSE hutahitaji kuihesabu mwenyewe, kwani ukiingia kwenye tovuti ya KUCCPS kwa namba yako ya mtihani utaonyeshwa pointi zako za kila klasta.

Tovuti hiyo pia huonyesha pointi za mwisho za kila kozi kwa miaka iliyotangulia. Hizo ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule, na hupanda au kushuka kulingana na walioomba. Kozi iliyofunga kwa 36 mwaka jana inaweza kufunga kwa 38 mwaka huu. Ukiwa na 36.5, iombe, lakini chini yake uweke kozi nyingine unayoipenda ambayo hufunga kwa 33 au 32. Mwanafunzi anayejaza nafasi zote kwa kozi zinazofunga juu ya pointi zake huishia kupangiwa kozi ambayo hakuwahi kuifikiria.

Jua masharti yanayofunga milango

Mbali na pointi, kozi nyingi zina gredi za lazima katika masomo fulani, na sharti hilo halisamehewi hata ukiwa na A ya jumla.

Uhandisi unataka angalau C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Udaktari unataka B katika Baiolojia na Kemia, pamoja na B katika Hisabati au Fizikia, na B katika lugha. Sheria inataka B katika Kiingereza au Kiswahili. Ualimu wa sekondari unataka C+ ya jumla na C+ katika kila moja ya masomo mawili utakayofundisha; ukitaka kufundisha Kemia na Baiolojia, C+ moja haitoshi.

Kwa sababu hiyo, uamuzi mkubwa wa kwanza ulifanyika pale mwanafunzi wa 8-4-4 alipoacha masomo kabla ya Kidato cha Tatu. Aliyeacha Fizikia ameshafunga uhandisi wote, iwe ni wa umeme, wa ujenzi au wa mekatroniki. Si kosa kuiacha. Kosa ni kuiacha kwa sababu mwalimu ni mkali au kwa sababu marafiki wameiacha, halafu miaka miwili baadaye ukaitamani kozi inayoihitaji. Kama tayari uliiacha, usipoteze usingizi. Orodhesha milango iliyobaki wazi. Ni mingi: kilimo, uuguzi, biashara, ualimu, utalii, sheria, uandishi wa habari.

Chukua daftari, chora jedwali la kozi tano unazozifikiria, na mbele ya kila moja andika: masomo ya lazima, klasta, pointi za mwisho za miaka miwili, miaka ya kusoma, na chuo. Kazi hii huchukua jioni moja, nayo itakuonyesha mengi kuliko ndoto ya mwaka mzima.

Itazame kazi kabla ya kuichagua

Wengi huchagua taaluma ambayo hawajawahi kuiona ikifanywa. Hapa kwetu hilo halina udhuru, maana mlima umezungukwa na kazi za kila aina.

Unafikiria sheria? Mahakama za Nyeri zimo mjini, na hata majaji wa Mahakama ya Rufaa huketi hapa. Kesi nyingi husikilizwa wazi. Ingia kimya siku ya likizo, uketi nyuma, usikilize asubuhi nzima. Utaona wakili akisubiri saa mbili ili azungumze kwa dakika tano, na utaona pia jinsi mzee wa shamba anavyomtegemea mtu anayejua sheria. Ukitoka hapo na hamu bado ipo, hamu hiyo ni ya kweli.

Unafikiria afya? Ziko hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nyeri, ya Consolata kule Mathari, na ya PCEA kule Tumutumu. Omba ruhusa kupitia shule au kanisa. Ongea na muuguzi, afisa wa kliniki, mtaalamu wa maabara na mfamasia, si daktari peke yake. Udaktari huchukua miaka sita. Uuguzi wa shahada miaka minne. Kozi za diploma ni fupi zaidi. Hao wote hukutana kwenye kitanda kimoja cha mgonjwa.

Unafikiria uhandisi au teknolojia ya vyakula? Viwanda vya majani chai vya Chinga na Iriaini upande wa Othaya, na Ragati upande wa Mathira, vina mitambo, umeme, maabara na vipimo vya ubora. Wazazi wetu hupeleka majani pale kila wiki bila kujua kwamba ndani kuna kazi tano tofauti za kisomi. Viwanda vya kahawa vya vyama vya ushirika navyo vinahitaji wahasibu, wapimaji wa ubora na watu wa masoko. Ukishuka Mwea utakuta mifereji ya mpunga na kazi ya wataalamu wa maji na udongo. Ukipanda Nanyuki utakuta hifadhi ya Ol Pejeta na utalii wote unaoizunguka. Na kwa mafundi wa jua kali wa Karatina na Nyeri mjini, utaona wachomeleaji na mafundi umeme ambao kazi haiwaishii.

Kila unakokwenda, uliza maswali haya: Siku yako ya kawaida inakuwaje? Ni sehemu gani ya kazi inayokuchosha zaidi? Ulisomea nini, na ungeanza upya ungesomea nini? Vijana wanaoajiriwa hapa wana vyeti gani? Ulipomaliza chuo ulikaa muda gani kabla ya kupata kazi? Kuuliza si ujinga, na watu wengi hufurahi kuulizwa na kijana anayesikiliza kwa adabu.

Chagua msingi, usitishwe na jina la kazi

Mwanafunzi wa miaka kumi na saba huambiwa achague kazi ya maisha yake yote, na swali hilo humtia hofu isiyo na sababu. Mkumbuke Wangari Maathai. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akasoma katika misheni ya Kikatoliki ya Mathari, kisha Loreto Limuru. Mwaka 1960 alikwenda Marekani, akapata shahada ya baiolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, mwaka 1964, na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966. Uzamifu aliupata Nairobi mwaka 1971, katika anatomia ya mifugo. Vuguvugu la Green Belt alilianzisha 1977, na Tuzo ya Amani ya Nobel akaipokea 2004.

Hakuna kozi aliyoisoma iliyoitwa kupanda miti wala kutetea misitu. Alisoma sayansi ya viumbe kwa kina, akaijua vizuri, na elimu hiyo ikamwezesha kuelewa kwa nini vijito vya kwao vilikuwa vikikauka. Basi nawe chagua eneo la elimu unaloweza kulisoma kwa miaka minne bila kusukumwa: viumbe, hesabu na mitambo, pesa na biashara, lugha na sheria, afya, udongo na mimea. Jina la kazi litakuja, na huenda likabadilika mara kadhaa.

Kuwa na tahadhari, hata hivyo, na kozi zenye majina marefu mapya. Kabla ya kuiweka kozi ya namna hiyo juu ya orodha yako, tafuta tangazo la kazi linaloitaja. Usipolipata, uliza chuo wahitimu wake wanafanya nini.

Kipime chuo

Miaka 20 iliyopita mwanafunzi wa hapa aliyetaka shahada mara nyingi alifikiria Nairobi, Njoro au Eldoret. Leo mlima umezungukwa na vyuo vikuu vya umma. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko barabara ya Nyeri kwenda Mweiga. Kilipata hati yake Desemba 2012, na kina nguvu katika uhandisi, ukiwemo wa mekatroniki, pamoja na taasisi ya nishati ya jotoardhi. Chuo Kikuu cha Karatina kilipata hati 2013, sawa na Chuka, Meru na Laikipia. Mwaka 2016 vikafuata Kirinyaga, Murang'a na Embu. Vyuo vya kibinafsi navyo vipo, kikiwemo Mount Kenya chenye kampasi mjini Nyeri.

Usikidharau chuo kwa sababu kiko karibu na kwenu, wala usikitukuze kwa sababu kiko Nairobi. Uliza mambo matatu. Kwanza, je, kozi hii imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Pili, je, bodi ya taaluma inaitambua? Wahandisi wana bodi yao, wauguzi wana baraza lao, mawakili na madaktari vilevile. Kumewahi kutokea wahitimu waliomaliza miaka yote kisha wakakataliwa kusajiliwa kwa sababu kozi yao haikutambuliwa na bodi. Orodha za kozi zinazotambuliwa hutolewa na bodi zenyewe, kwa hiyo soma huko, si kwenye bango la matangazo. Tatu, wanafunzi hufanyia wapi mazoezi ya kazi, na nani huwatafutia nafasi?

Kisha tembelea. Nenda siku ya kazi, uone maabara, maktaba na mabweni, na uwaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu. Hao hawana sababu ya kukupamba.

Kozi ya shahada si njia ya pekee

Tunalo kosa la pamoja mlimani, la kumhesabu mtoto aliyekosa C+ kuwa amepotea. Tulikatae kosa hili kwa nguvu zote, kwa sababu limewavunja moyo vijana wazuri.

Mwenye C- anaweza kusoma diploma, na mwenye D cheti. Walio chini ya hapo wana kozi za ufundi stadi. Kozi nyingi za kampasi za KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ikiwemo ya Nyeri, huchukua wanafunzi wa diploma kuanzia C. Chuo cha Taifa cha Kiufundi cha Nyeri, kilichopandishwa hadhi 2016, hufundisha umeme, ujenzi, magari, upishi, kompyuta na mengine. Mathenge kule Othaya ni chuo cha kiufundi pia. Meru nayo ina chuo cha taifa cha aina hiyo. Nafasi za vyuo hivi nazo hupitia KUCCPS, na wanafunzi wake wanaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu.

Njia hii pia hupanda. Mwenye cheti huendelea hadi diploma, na mwenye diploma nzuri anaweza kupokelewa chuo kikuu na kusamehewa baadhi ya masomo aliyokwisha kuyafanya. Safari ni ndefu zaidi, lakini mtu hufika akiwa na ujuzi mkononi na mara nyingi na kipato. Mwenye C+ dhaifu anayependa kazi ya mikono naye afikirie vizuri: diploma ya umeme kwa mtu anayeupenda umeme ina faida kuliko shahada ambayo hakuichagua.

Ipange karo kwa kalenda ya shamba

Hapa ndipo safari nyingi hukatikia. Kaeni nyumbani mzungumze pesa kabla ya kuzungumza kozi.

Tangu 2023 serikali hugawa ufadhili kwa kuangalia uwezo wa familia. Kuna madaraja matano. Familia ya daraja la kwanza hupewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, nayo hulipa asilimia 5. Ya daraja la tano hupata ufadhili wa 30, mkopo wa 30, na hulipa 40. Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huu kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Kwa hiyo thibitisha masharti ya mwaka wako kabla ya kuapa kwa hesabu yoyote.

Tuseme kozi inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Familia ya daraja la kwanza italipa 10,000 kwa mwaka. Ya daraja la tano italipa 80,000. Kwa miaka minne hiyo ni 40,000 dhidi ya 320,000. Kozi ikiwa ya miaka mitano, kama uhandisi, ongezeni mwaka mmoja. Hapo hatujahesabu chumba, chakula, nauli wala vifaa. Mtoto wa Nyeri mjini anayesoma Dedan Kimathi anaweza kulala kwao na kupanda matatu. Huyo ameokoa kodi ya miaka yote. Angalieni pia kwamba ufadhili wa serikali huwaendea wanaosoma vyuo vya umma. Anayepangiwa chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, lakini ufadhili hana.

Mkopo wa HELB ni deni. Kwa shahada ya kwanza riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na hulipwa baada ya kumaliza masomo. Ni nafuu kuliko mkopo wowote wa benki, lakini kila shilingi unayochukua utairudisha kutoka kwenye mishahara yako ya kwanza.

Familia nyingi hapa hutegemea majani chai. Malipo ya kila mwezi ni madogo. Pesa kubwa ni bonasi, nayo huja kuelekea Oktoba. Vyuo vikuu navyo hupokea wanafunzi wapya Agosti na Septemba. Maana yake, karo ya kuingilia hudaiwa kabla bonasi haijafika. Familia iliyopanga hutenga sehemu ya bonasi ya mwaka mtoto akiwa Kidato cha Nne, mwaka mmoja kabla hajahitaji. Isiyopanga hukopa Septemba kwa riba ya kuumiza. Wenye kahawa, maziwa au duka waangalie kalenda yao vilevile na wauweke mwezi wa Agosti mbele ya macho.

Basari za eneo bunge na za kaunti, zikiwepo, hazitoshi kuwa mhimili. Zihesabuni kama nyongeza. Na tayarisheni stakabadhi mapema: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho mara tu unapotimiza miaka 18, nakala za vitambulisho vya wazazi, na cheti cha kifo kama umefiwa na mzazi. Maombi mengi hukwama kwa karatasi moja iliyokosekana.

Zungumza na wazazi kwa adabu na kwa ushahidi

Baba anataka daktari, mama anataka mwalimu, na cucu, bibi yako, anataka tu usiende mbali. Wote wanakutakia mema. Usiwajibu kwa hasira wala usinyamaze kisha ukajaza yako kwa siri. Lete lile jedwali lako. Waambie: "Baba, nimehesabu. Katika udaktari masharti ni haya na alama zangu ni hizi. Katika sayansi ya kilimo nina nafasi, chuo kiko Embu, gharama ni hii, na nimezungumza na afisa wa kilimo pale kituo cha mafunzo ya kilimo cha Wambugu akanieleza kazi yake." Mzazi anayeonyeshwa hesabu huzungumza tofauti na mzazi anayeambiwa, "Hiyo siitaki."

Nawe mzazi, muulize mwanao maswali kabla ya kumpa jibu. Wewe unajua uwezo wa nyumba. Yeye anajua somo linalomfanya afungue kitabu bila kuamriwa. Maarifa hayo mawili yakikutana, uamuzi huwa mzuri.

Hatua za kufuata

Kidato cha Tatu, au Gredi ya 10: tayarisha jedwali la kozi tano, tembelea sehemu mbili za kazi katika kila likizo, na imarisha somo moja la klasta linalokuangusha.

Kidato cha Nne, muhula wa kwanza na wa pili: hesabu klasta kwa matokeo yako halisi, tembelea chuo kimoja, na fanyeni kikao cha pesa nyumbani.

Baada ya mtihani, Novemba hadi Januari: kamilisha stakabadhi, jifunze kompyuta, na tafuta mahali pa kujitolea karibu na kazi unayoifikiria.

Matokeo yakitoka: soma pointi zako za kila klasta, panga kozi kuanzia unayoipenda zaidi hadi iliyo salama, na ujaze mwenyewe. Ukihitaji msaada wa saiba, nenda na namba za kozi zikiwa zimeandikwa tayari, na usimpe mtu neno lako la siri. Hifadhi risiti. KUCCPS hutoa nafasi ya kurekebisha maombi. Itumie kama pointi za mwaka huu zimekupita. Ukikosa kozi uliyoitaka, kuna pia dirisha la kuomba uhamisho, lenye tarehe zake.

Kisha, ukishapokelewa, omba ufadhili na mkopo siku maombi yanapofunguliwa, usingoje ya mwisho.

Anza na jedwali. Daftari unalo, na tovuti ya KUCCPS iko wazi kwa kila mtu. Wikendi hii andika kozi ya kwanza na masharti yake, Jumatatu umpelekee mwalimu wa ushauri aikague.